Kwa Nini Chumvi Hulowana Masika

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wanafunzi wa kemia wa kidato cha sita, walimu na wazazi wao



Nianzie jikoni. Kila nyumba hapa ina kikebe cha chumvi, na kila mama anajua tabia yake. Siku za jua kali la kaskazi chumvi hukaa kavu na humwagika kama mchanga. Masika yakiingia hulowana, hushikana mabonge, na mara nyingine chini ya kikebe hukutwa maji. Hakuna aliyetia maji humo, wala paa halivuji. Maji hayo yametoka hewani.

Mtihani wa Kidato cha Sita hufanywa mwezi wa Mei, katika msimu huo huo wa mvua. Kwa hiyo siku utakapokaa mbele ya karatasi ya Baraza la Mitihani, yale unayoulizwa kuhusu kanieneo ya mvuke na myeyusho yatakuwa yanatendeka nyumbani kwenu, katika kikebe kile. Nimekuja kuwaombeni mkielewe kikebe hicho kabla ya kukariri kanuni hata moja.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo nililoliona darasani miaka yote niliyofundisha. Nikimwuliza mwanafunzi kanieneo ya mvuke ni nini, ananipa sentensi ya Kiingereza kama ilivyo kitabuni, haikupungua neno. Nikimwambia, "Haya mwanangu, sasa nieleze kwa Kiswahili," ananyamaza. Mtihani ni wa Kiingereza na majibu yataandikwa kwa Kiingereza, sina ubishi na hilo. Lakini ukimya ule hunitia hofu, maana swali likigeuzwa kidogo tu, ile sentensi aliyoikariri haitamfaa kitu. Basi leo tutazungumza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, hesabu zikiwemo.

Kwanza neno lenyewe. Kanieneo ni kani inayobanwa juu ya eneo. Wengine huita shinikizo, kama tunavyosema shinikizo la damu, na yote mawili ni sawa. Chukua chupa, tia maji nusu, ifunge vizuri. Molekuli za maji hazitulii. Zile zilizo juu zenye nguvu ya kutosha hujinasua na kuingia katika nafasi iliyo juu ya maji, zikawa mvuke. Mvuke nao hauna utulivu, molekuli zake zinazunguka humo, nyingine zinaugonga uso wa maji na kurudi. Mwanzoni wanaotoka ni wengi kuliko wanaorudi. Mvuke unazidi kujaa, wanaorudi wanaongezeka, mpaka inafika hali ambapo kila sekunde waliotoka ni sawa na waliorudi. Ukitazama utadhani mambo yamesimama, kumbe safari zinaendelea kwa wingi ule ule. Kani ambayo mvuke huo unaibana kwenye kila kipande cha eneo la chupa katika hali hiyo, ndiyo kanieneo ya mvuke wa maji.

Kwa jotoridi la nyuzi 25 za Selsiasi ni milimita 23.8 za zebaki. Kwa nyuzi 30 ni 31.8. Kwa nyuzi 100 ni 760, sawa na kanieneo ya hewa ya hapa pwani, na ndiyo maana maji ya Pemba huchemka kwa nyuzi 100. Mlimani Kilimanjaro, kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, hewa inabana kwa karibu nusu tu ya hapa, na maji huchemka kwa nyuzi 80 na kitu. Chupa kubwa au ndogo, maji mengi au kidogo, kanieneo ya mvuke ni ile ile madhali maji yapo na jotoridi halikubadilika. Watahini wanalipenda sana swali hili, na wanaoanguka ni wale wanaofikiri kwamba uso mpana unatoa kanieneo kubwa. Uso mpana unaongeza wanaotoka, lakini unaongeza na wanaorudi, kwa kiasi hicho hicho.

Sasa tuanike karafuu. Mkulima akitandaza karafuu zake kwenye majamvi siku hewa imejaa unyevu, anajua zitachelewa kukauka hata kama jua lipo. Tuseme jotoridi ni nyuzi 30. Maji yaliyo katika karafuu yanasukuma kutoka kwa kanieneo ya karibu milimita 31.8. Lakini hewani tayari kuna mvuke, tuseme wenye kanieneo ya milimita 25, nao unarudi kwenye karafuu. Kinachokausha ni tofauti ya hizo mbili, milimita 6.8 tu. Siku ya upepo mkavu, mvuke wa hewani ukishuka hadi 16, tofauti inakuwa 15.8, zaidi ya maradufu, na jua ni lile lile. Wazee wetu walikuwa wakiipima hewa kwa ngozi na pua kabla ya kuamua kuanika au kuanua, na walikuwa wakipima jambo hili hili.

Turudi kwenye chumvi. Mwaka 1887 François-Marie Raoult, Mfaransa aliyekuwa akifundisha kemia Grenoble, alitangaza sheria ambayo sasa mnaijua kwa jina lake. Alikuwa amepima myeyusho mmoja baada ya mwingine kwa subira kubwa. Akaona kwamba ukiyeyusha kitu kisichotoa mvuke, kama sukari, ndani ya maji, kanieneo ya mvuke wa maji hushuka, na inabaki kwa kadiri ya sehemu ya moli ya maji yaliyomo. Yaani katika kila molekuli mia za mchanganyiko, kama 98 ni za maji, kanieneo itakuwa asilimia 98 ya ile ya maji matupu.

Hesabu yake ni fupi. Gramu 342 za sukari ni moli moja. Kilo moja ya maji ni moli 55.5. Jumla 56.5. Sehemu ya maji ni 55.5 kugawanya kwa 56.5, yaani 0.982. Zidisha kwa 23.8, unapata milimita 23.4 kwa nyuzi 25. Sukari nyingi kiasi hicho imepunguza milimita 0.4 tu! Mwanafunzi akipata jibu linalosema kanieneo imeshuka kwa nusu, alama nyekundu iwake kichwani mwake kabla hata ya kurudia hesabu.

Lakini kwa nini inashuka? Hapa nina deni, na napenda nililipe mbele yenu.

Miaka mingi iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, nilieleza kama vitabu vingi vinavyoeleza: chembe za sukari au chumvi zinachukua nafasi kwenye uso wa maji, zinaziba njia, basi molekuli za maji zinazotoka zinapungua. Nikachora duara nyeupe na duara nyeusi ubaoni. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kama chumvi imesimama mlangoni, mbona inamzuia anayetoka tu? Yule anayerudi anapita wapi?" Nilimwambia aandike kama ilivyo kitabuni, ndivyo watahini wanavyotaka. Lilikuwa kosa, na mpaka leo linaniuma. Binti yule alikuwa ameuliza swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, nami nikamfunga mdomo.

Alikuwa na haki. Mlango ukizibwa, unazibwa pande zote mbili, kama tulivyoona kwenye uso mpana. Picha ya kuziba peke yake haitoshi. Sababu ya ndani zaidi ni hii. Maji yakiwa peke yake, molekuli zake zote ni sawa. Ukizibadilishia nafasi, huoni tofauti. Ukitia sukari, njia za kujipanga ndani ya kioevu zinaongezeka mno: sukari hapa na maji pale, au kinyume chake, maelfu kwa maelfu. Maumbile huelekea pale penye njia nyingi za kujipanga. Maji matupu yanapata njia hizo nyingi kwa kutoka na kuwa mvuke. Maji yaliyochanganyika yamekwisha kuzipata kwa sehemu humo humo ndani, hivyo msukumo wa kutoka unapungua. Kijana ambaye mambo yamemfungukia kijijini hana haraka ya kupanda boti kwenda Unguja. Kipimo cha wingi huo wa njia wanakemia hukiita entropi. Popote alipo binti yule, hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Na ukilishika hilo, mengine yanafuata bila kulazimishwa. Kama kanieneo ya mvuke imeshuka, myeyusho lazima upashwe moto zaidi ili uifikie kanieneo ya hewa, basi kiwango cha kuchemka kinapanda. Sukari yetu ya moli moja katika kilo ya maji itachemka kwa nyuzi 100.52 na kuganda kwa nyuzi 1.86 chini ya sifuri. Kwenye kuganda sitakawia, fikra ni ile ile: maji yanapendelea kubaki kioevu. Nakumbusheni jambo moja tu, maana kila mwaka linaangusha watu: hapa tunatumia molaliti, moli kwa kila kilo ya kiyeyushi. Si kilo ya myeyusho, wala si lita. Ukisoma swali, pigia mstari chini ya neno linalotaja kilo ni za nini.

Sasa jikoni tena. Chumvi ni fuwele, lakini kila punje imevikwa utando mwembamba wa maji, na utando huo ni myeyusho ulioshiba chumvi kabisa. Kanieneo ya mvuke ya myeyusho ulioshiba chumvi ni karibu asilimia 75 ya ile ya maji matupu. Kwa nyuzi 30 hiyo ni karibu milimita 24. Hewa yetu ya karafuu ilikuwa na mvuke wa milimita 25. Basi maji yanaelekea wapi? Yanatoka hewani kwenda kwenye chumvi. Hewa ile ile inayozikausha karafuu polepole, inailowesha chumvi. Kila nikilifikiria jambo hili nafurahi upya: jamvi uani na kikebe jikoni, mvuke mmoja, jamvi linapoteza maji na kikebe kinapokea, na tofauti yote ni milimita chache za zebaki.

Tuijaribu sheria ya Raoult juu ya asilimia 75 hiyo. Gramu 100 za maji hushiba kwa gramu 36 hivi za chumvi. Maji ni moli 5.55. Chumvi ni moli 0.62. Mwanafunzi wa haraka atagawanya 5.55 kwa 6.17 apate 0.90, asilimia 90. Mbali sana na 75. Amesahau kwamba chumvi ikiingia majini huvunjika ikawa ayoni ya sodiamu na ayoni ya kloridi, chembe mbili kwa kila moja. Akirekebisha, 5.55 kugawanya kwa 6.78, anapata 0.82. Amekaribia, lakini hajafika, na hatafika, kwa sababu kwa chumvi sheria ya Raoult ni sheria ya myeyusho hafifu. Katika myeyusho ulioshiba, ayoni zimeyashika maji kwa nguvu kiasi kwamba kuhesabu vichwa hakutoshi. Nawatakeni mjue pia mahali sheria inapokoma. Mtahini hufurahi kuona mwanafunzi anayejua mpaka wa kanuni anayoitumia.

Jambo hili la chembe kuvunjika liliwahi kuwatesa wakubwa. Jacobus van 't Hoff, Mholanzi, alipounganisha kanieneo ya osmosisi, ile ya maji yanayopita utando kuingia kwenye myeyusho, na sheria za gesi, sukari ilitii na chumvi ilikaidi. Ilimbidi atie herufi i kwenye kanuni yake ili chumvi iingie. Svante Arrhenius, Mswidi, katika tasnifu yake ya mwaka 1884 huko Uppsala, alikuwa ameandika kuhusu chumvi kupitisha umeme majini, na fikra yake ilikuja kukomaa kuwa hii: chumvi huvunjika yenyewe ndani ya maji kuwa chembe zenye chaji. Tasnifu ile ilipewa daraja la chini. Van 't Hoff alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya kemia mwaka 1901, na Arrhenius akapata yake mwaka 1903. Herufi i mnayoisahau kwenye mtihani imebeba ugomvi huo wote.

Wale wanaotaka udaktari wanisikilize hapa. Hospitalini kuna dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, na kuna dripu ya glukosi ya asilimia 5. Kwa nini moja ni chini ya gramu kwa mililita 100 na nyingine ni gramu tano, na zote zinawekwa katika mshipa mmoja bila kuharibu chembe za damu? Lita ya kwanza ina gramu 9 za chumvi. Gawanya kwa 58.5, ni moli 0.154, chumvi inavunjika mara mbili, chembe ni moli 0.308. Lita ya pili ina gramu 50 za glukosi. Gawanya kwa 180, ni moli 0.278, na glukosi haivunjiki. Zidisha kila moja kwa 0.0821, namba ile ya sheria za gesi, na kwa Kelvini 310, jotoridi la mwili, upate kanieneo ya osmosisi. Chumvi inatoa atmosfia 7.8, glukosi 7.1. Zinakaribiana na damu yenyewe. Gramu zimeachana mbali, chembe zimekaribiana, na mwili unahesabu chembe.

Kuna swali la kinyume chake pia: asidi ya ethanoiki ndani ya benzeni. Huko molekuli hazivunjiki, hushikana mbili mbili. Chembe zinapungua nusu, na mwanafunzi anayetafuta uzito wa moli anapata karibu 120 badala ya 60. Asifute jibu lake. Lina habari ndani yake.

Sasa vioevu viwili vinavyotoa mvuke vyote. Benzeni na tolueni kwa nyuzi 20: benzeni tupu ina kanieneo ya milimita 75, tolueni 22. Changanya moli moja kwa moja. Benzeni inatoa nusu ya 75, yaani 37.5, tolueni nusu ya 22, yaani 11. Jumla 48.5. Hapo wengi hufika salama. Kisha swali linauliza sehemu ya benzeni katika mvuke, nao wanaandika nusu. Katika kioevu ni nusu, kweli. Katika mvuke ni 37.5 kugawanya kwa 48.5, yaani 0.77. Mvuke umejaa zaidi kile kinachoruka kwa wepesi. Tonesha mvuke huo upate kioevu kipya, ukivukize tena, utoneshe tena, na kila hatua benzeni inazidi kutakata. Ukenekaji wote umesimama juu ya tofauti hiyo ya 0.5 na 0.77.

Si kila mchanganyiko unatii namna hiyo. Ethanoli na maji hufika ethanoli ya asilimia 95.6 kwa uzito, hapo mvuke na kioevu vinakuwa na uwiano mmoja, na ukeneke mpaka kesho hupati zaidi. Chora mchoro wa mchanganyiko huo mara kumi kwa mkono, inatosha.

Nimebakiza kile kilicho chetu. Ukipita Wawi, hapa Pemba, pua inakwambia kuna nini. Pale ndipo makonyo, vile vijiti vya karafuu, yanapokenekwa kuwa mafuta ya karafuu. Kiini cha mafuta hayo ni yujenoli, na yujenoli huchemka kwa nyuzi 254. Ukiipasha moto peke yake hadi huko una hatari ya kuiunguza na kuiharibu harufu. Basi inatokaje kwenye makonyo kwa mvuke wa maji tu?

Mafuta na maji havichanganyiki. Kwa kuwa havichanganyiki, hakuna anayempunguza mwenzake: sehemu ya moli haiingii hapa kabisa, kila kimoja kinatoa kanieneo yake kamili kana kwamba kiko peke yake. Chungu kinachemka pale jumla ya kanieneo mbili inapofika 760. Maji yanaleta karibu zote, mafuta yanaongezea kidogo, na jumla inafika kabla ya nyuzi 100. Kwa ajili ya hesabu, tuseme mafuta yanachangia 4 na maji 756. Moli za mafuta ni chache mno, lakini molekuli ya yujenoli ina uzito wa 164 na ya maji 18. Nne mara 164 ni 656. Mia saba na hamsini na sita mara 18 ni 13,608. Gawanya: kila gramu 100 za maji zinazotoka zimebeba gramu 4.8 za mafuta. Kwa molekuli nzito, uchache wake unafidiwa na uzito. Mtoto wa Pemba akiulizwa kuhusu ukenekaji kwa mvuke, asikubali kuwa mgeni katika swali hilo.

Nawapa kazi ya nyumbani. Tafuta ndoo yenye mfuniko unaobana. Weka ndani vikombe viwili vinavyolingana, kimoja chenye maji ya mvua, kingine chenye maji uliyoyashibisha chumvi, usawa mmoja, visigusane. Weka alama ya kalamu kwa nje penye usawa wa maji. Kabla ya kufunika, andika kwa Kiswahili unatarajia kuona nini katika kila kikombe na kwa sababu gani, kisha andika yale yale kwa Kiingereza kama utakavyomwandikia mtahini. Karatasi hiyo ibandike juu ya mfuniko, ndoo iweke kivulini, na usifunue mpaka wiki mbili zipite.